Kitabu cha Lillevåg na Ndama wa Gaju

Dada yangu Umurerwa husoma lugha asiyoijua. Huisoma kwa sauti, kila Jumanne na Alhamisi, katika nyumba ya matofali huko North Buffalo, mbele ya mzee wa miaka themanini na saba ambaye macho yake yamekufa. Mzee anaitwa Einar. Dada ndiye mhudumu wake: humwogesha, humpikia uji, humpa dawa zake, na hayo yote yakiisha huvaa miwani, hufungua kitabu kikubwa cha Kinorwe na kuanza kusoma silabi kwa silabi, vile tulivyofundishwa kusoma darasa la kwanza. Mzee humsahihisha akiwa amefumba macho, na kumweleza maana kwa Kiingereza. Shirika lililomwajiri dada halijui habari hiyo, na kwenye karatasi anazojaza hakuna mahali pa kuiandika.

Mimi ni Rakeli, mdogo wake. Nakaa Columbus, nafunga maboksi ghalani. Nasimulia habari za dada kwa sababu yeye mwenyewe hasimulii. Ukimwuliza habari gani atakujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua. Hutembea polepole, huongea polepole, na sijawahi kuona mtu aliyeweza kumrudisha njiani akishaanza safari. Tena nasimulia kwa sababu ndani ya habari hii kuna uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Kwanza kitabu. Dada alinieleza kwamba kwao mzee Einar kila kijiji kina kitabu chake. Hakuna wafalme humo wala vita vya wakubwa. Kinataja nyumba moja baada ya nyingine: nani aliijenga, alimwoa nani, walizaa nani na nani, huyu alizaliwa lini, yule alikufa lini, walikuwa na ng'ombe wangapi na kondoo wangapi. Kijiji cha Einar ni Lillevåg, kaskazini kabisa mwa Norwe, mahali ambapo miti inakataa kuota. Nyumba kumi na tisa kando ya maji. Wanaume walivua samaki na kuwaanika juu ya fito hadi wakauke kama kuni, wanawake walikata majani ya ng'ombe kwenye miteremko. Ukurasa mmoja unaeleza dhoruba iliyochukua mashua saba kwa siku moja, na kurasa zinazofuata nyumba nne zina wajane tu.

Siku dada alipofika kwenye hesabu ya mifugo aliweka kitabu magotini.

"Waliwaandika hata ng'ombe?" akamwuliza.

"Nyumba yetu ilikuwa na mmoja," mzee akasema. "Ungewezaje kutomwandika? Ndiye aliyetulea."

Dada aliniambia kwamba hapo ndipo alipompenda yule mzungu. Sisi ni watu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, watu wa ng'ombe. Kijiji chetu kinaitwa Nyarusheke, nyumba thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kukiandika popote. Basi dada akanunua daftari la shule. Jioni, akisharudi nyumbani kwake Kensington-Bailey, alikuwa anakaa mezani na kuandika Nyarusheke kama Wanorwe walivyoandika Lillevåg: nyumba ya kwanza, ya Mirindi, mke wake fulani, watoto fulani na fulani. Alinipigia simu kuniuliza majina ya watoto wa jirani. Mimi niliondoka huko nikiwa na miaka tisa, nilikumbuka matope na mbwa. Nikamcheka, nikamwambia amekuwa karani wa watu waliokwisha kutawanyika.

Kulikuwa na jambo lingine kitabuni lililomkera. Milimani juu ya Lillevåg walikaa Wasami, wafugaji wa kulungu wa baridi, ambao walikuwapo kabla ya wote, na kitabu kiliwataja kwa mistari miwili tu. Dada akamwuliza Einar kama watu wale waliwahi kuambiwa kwamba wao ni wageni, warudi walikotoka.

"Waliambiwa," mzee akajibu. "Sisi ndio tuliowaambia."

Dada hakumsamehe palepale. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo, na siku ile hawakusoma tena.

Sasa niwaambie kilichotufanya tukose usingizi mwaka huu. Tulizaliwa wanne. Jovini ndiye mkubwa, akafuata Umurerwa, akafuata Nkusi, mimi kitinda mimba. Vita vilipotukimbiza tulivuka hadi Burundi, tukakaa kambini miaka kumi na moja, kisha tukaletwa Amerika, kila mmoja kwenye mji wake. Baba yetu, mzee Rudasingwa, yuko Louisville, mtaa wa Okolona, kwa Nkusi. Mama alibaki kambini, kaburini. Jovini hakutaka Amerika. Alirudi Nyarusheke akasema ng'ombe wa baba hawatachungwa na mtu mwingine.

Kila Jumapili, mtandao ukikubali, Jovini alipanda kilima na kumtumia baba ujumbe wa sauti. Dakika kumi, dakika kumi na tano, habari ni ng'ombe tu. Yupi anachechemea, yupi amekataa majani, yupi amepigana na nani. Baba alisikiliza mezani simu ikiwa imebanwa sikioni, akiitikia peke yake, kisha aliusambaza ujumbe kwetu sote tufaidike. Mimi nilisikiliza sekunde tano. Nikisikia kwamba kaka ni mzima, nazima. Nani ana dakika kumi na tano za ng'ombe, na ghalani wanakuhesabia hata kwenda chooni?

Mwezi wa tatu Nyarusheke ilichomwa tena. Jovini aliwatoa watu, akawafikisha bondeni, halafu akageuka kuwafuata ng'ombe. Binamu yetu Cyubahiro alimpigia Umurerwa kutoka Uvira. Dada alikuwa jikoni kwa Einar na sufuria ya uji mkononi. Alimaliza kuupika, akamlisha mzee, akamfuta mdomo, ndipo akaenda kukaa kwenye ngazi za nje na kunipigia mimi.

Kwetu kifo hakisemwi kwa simu kwa mzazi. Mkubwa kati ya watoto waliobaki huja mwenyewe, na huja asubuhi. Watu wazima hukaa, viti hujaa, naye anasimama anasema sentensi moja iliyonyooka, bila kuzungusha. Mpaka sentensi hiyo isemwe, kilio hakifunguliwi. Mzazi hawezi kulia kifo ambacho hajaambiwa; itakuwa amemlilia mtoto aliye hai, na hilo hakuna anayelithubutu. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Umurerwa, aende Louisville akaseme.

Wiki ile hakupata ruhusa kazini. Wiki iliyofuata baba alilazwa kwa ajili ya kifua, na Nkusi akasema tungoje atoke. Alipotoka, mimi nikasema tungoje tupate siku moja sote watatu, kwa sababu jambo kama hili halisemwi na mtoto mmoja. Nilisema hivyo kwa kuwa niliogopa. Mwezi ukapita. Na mzee anauliza: Jovini yuko wapi, mbona hasemi? Tukaanza kumlisha maneno. Mtandao umeanguka. Mnara umekatwa. Ametuma salamu kwa Cyubahiro. Amekwenda kutafuta chumvi ya ng'ombe. Tukawa mabingwa. Tulikuwa tunapigiana kabla ya kumpigia yeye, ili uongo wa Buffalo usigombane na uongo wa Columbus.

Siku moja ya mwezi wa nne baba alinipigia nikiwa kwenye mapumziko, mkate mdomoni, dakika zangu zinaisha.

"Rakeli, kaka yako haiko anasema. Iko nini?"

"Baba, iko muzima," nikasema. "Alituma salamu kupitia kwa Cyubahiro. Na alisema tukuambie, Gaju amezaa. Ndama ya kike."

Gaju lilikuwa jina pekee la ng'ombe lililokuwa kichwani mwangu. Baba alinyamaza hadi nikaangalia simu kama imekatika.

"Gaju?"

"Eee, njo yeye, baba. Gaju."

"Bon," akasema. "Asante, mama. Kazi njema."

Nilirudi kwenye maboksi nikiwa nimefurahi. Nilimwambia hata mwenzangu Nzigire kwamba nimempa baba yangu zawadi. Na kweli, tangu siku ile baba hakuuliza tena habari za Jovini. Nkusi akatuambia mzee ametulia. Tukapumua.

Ila aliacha kula. Vijiko viwili, anasukuma sahani. Maziwa ananusa tu. Akawa anaingia kuoga mara tatu kwa siku, na Nkusi akadhani ni joto la Louisville. Nguo zikaanza kumning'inia. Nkusi alimpeleka kwa daktari, wakampima kila kitu, wakasema moyo umechoka, mgonjwa asipewe mishtuko. Kaka yetu akalishika neno hilo kama cheti cha ndoa. Kila tukigusia habari ya kwenda kusema, analitoa.

"Docteur alisema baba haiko na nguvu ya kusikia mambo mabaya," alituambia. "Mukikuya kumwambia, muyue munakuya kumuzika."

Nani angebishana? Tukisema, huenda tunamwua. Tusiposema, anakwisha mbele ya macho yetu, vijiko viwili kwa siku. Miezi minne tulikaa hapo katikati. Mimi nilikuwa nalia garini kwenye maegesho ya ghala, nafuta uso, naingia kazini. Dada aliendelea na daftari lake. Alikuwa amefika nyumba ya kumi na mbili, nyumba yetu, na hapo kalamu ikagoma. Aliandika: Rudasingwa; mke wake; watoto, wa kwanza Jovini, alizaliwa mwaka fulani. Na baada ya hapo inatakiwa tarehe nyingine. Aliona kwamba akiiandika kabla baba hajaambiwa, atakuwa amemzika kaka kwa siri. Akalifunga daftari akaliweka chini ya godoro.

Jumanne moja ya mwezi wa saba walifika nyumba ya Einar kitabuni. Dada alisoma jina la baba yake, jina la mama, na watoto watatu. Wa kwanza Torleif, alizaliwa 1930, alikufa 1945. Einar akamwambia asimame hapo.

Alimweleza. Majira ya baridi ya 1944 Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma walichoma kaskazini yote. Lillevåg ilichomwa nyumba zote kumi na tisa, hata fito za kuanikia samaki, hata visima viliharibiwa. Watu walipakiwa melini wakapelekwa kusini kwa nguvu. Einar alikuwa na miaka sita, anakumbuka ng'ombe wa jirani akilia gatini. Torleif, miaka kumi na minne, alijificha na mjomba wao pangoni pamoja na yule ng'ombe wao mmoja na kondoo kadhaa, ili familia isipoteze vyote. Januari kifua kikamwua humo pangoni. Mjomba akapata njia ya kumwandikia mama barua.

"Baba yangu alikuwa mgonjwa wa mapafu," Einar akasema. "Mama akaona barua ile itamwua. Akaificha. Baba kila siku alikuwa anamshonea Torleif viatu vya ngozi, kwa sababu mtoto alikuwa anakua na vya zamani vingembana. Mama alimshikia taa ili aone kushona. Mwezi wa saba tukarudi. Hakuna nyumba, majivu tu na watu wamekaa chini ya mashua zilizopinduliwa. Baba akashuka na viatu mkononi. Akatazama watu ufukweni, akatafuta. Mjomba akavua kofia."

Dada akamwuliza baba yake alisema nini.

"Hakusema kitu. Aliishi miaka ishirini na mmoja tangu siku ile. Tulijenga nyumba, misumari tuliichukua majivuni tukainyoosha kwa nyundo, mimi mwenyewe niliinyoosha. Alifanya kazi, alikula, alikwenda kanisani. Lakini hakumwita tena mama yangu kwa jina. Siku mama anakufa aliniambia: alinisamehe kila kitu, isipokuwa ile taa niliyomshikia." Einar akapapasa ukurasa kwa kidole. "Hilo hawakuliandika. Soma nyumba inayofuata."

Dada hakusoma nyumba inayofuata. Alinipigia simu kutoka kituo cha basi cha Bailey, magari yakipiga kelele nyuma yake.

"Rakeli. Ijumaa nakuya kwako. Tunaenda kulala kwa Nkusi. Jumamosi asubuhi tunasema."

"Dada, tungoye kwanza baba apate nguvu."

"Miezi ine tuko nangoya. Amepata nguvu?"

"Na akikufa?"

"Donc atakufa anayua," akasema. "Si tunamushikia taa."

Sikujua taa gani. Niliijua baadaye, njiani.

Alifika Columbus Ijumaa saa sita mchana, macho mekundu, na daftari mfukoni mwa koti, Julai yote ile. Alikuwa amepanda basi alfajiri. Nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama. Tukaingia kwenye gari langu na binti yangu Umuhoza akakaa nyuma. Tulipopita Cincinnati ndipo dada aliponisimulia habari za Einar, polepole, akitazama barabara. Umuhoza ana miaka kumi na mbili. Humjibu kila mtu kwa Kiingereza. Alitoa vitu vyake masikioni akaniuliza kwa nini hatukumwambia babu siku ileile, angekuwa ameshalia sasa. Nilimwambia mambo ya wakubwa ayaache. Akavirudisha vitu vyake masikioni.

Nkusi alitufungulia mlango akiwa amevaa fulana ya kazi. Alituangalia wawili pamoja, akajua. Alimvuta dada jikoni na kumsihi kwa sauti ya chini. Aliapa, akatoa karatasi ya daktari, mwishoni akalia, dume zima la ghalani, mikono imeshika sinki.

"Dada, minakuomba. Mama alituachia huyu tu."

"Na Jovini alikuwa wa nani?" dada akamwuliza. Akamfuta machozi kwa kanga yake, kisha akaenda kumsalimu baba.

Baba alikuwa sebuleni kitandani, mifupa na macho. Tulipiga magoti tukamsalimu. Alitushika vichwa mmoja mmoja, akakaa ameviacha viganja vyake juu yetu muda mrefu. Hakuuliza mbona tumekuja pamoja. Hakuuliza habari za Nyarusheke. Alimwuliza Umurerwa kama yule mzee wake kipofu anakula vizuri. Halafu akamwomba Nkusi amnyoe ndevu, akamwambia amtolee na koti lake jeusi, lile la kanisani.

"Baba, kesho haiko siku ya mungu," Nkusi akasema.

"Ninayua siku," baba akajibu.

Tulilala bila kulala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisikia kitu kinaburutwa. Nilidhani ni jirani. Nilipotoka chumbani nikamwona baba. Amevaa koti jeusi na viatu. Amekunja shuka za kitanda chake, amesukuma meza ukutani, na anaburuta viti. Vinne vya mezani vilikuwa tayari vimepangwa kando ya ukuta. Viwili vya plastiki alikuwa amevileta kutoka nje kwenye nyasi, vina umande. Alikuwa anahangaika na cha saba, cha ofisi, chenye magurudumu, pumzi zikimkata. Mlango ulikuwa wazi, na mchungaji Ngarambe anayekaa nyumba ya pili alikuwa anaingia na mkewe Mukashyaka, wamevaa vizuri. Baba mwenyewe alikuwa amewaita jana jioni kwa simu, sisi tukiwa jikoni tunabishana juu yake.

"Mukae chini," akatuambia. "Batoto bangu, mukae."

Tukakaa. Umuhoza akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Baba akakaa kwenye kiti alichojiwekea katikati, mikono juu ya magoti, akamtazama Umurerwa.

"Sema, mama. Sema vile tunasemaka."

Dada alisimama. Nkusi alikuwa amefunika uso. Mimi nilikuwa namwomba Mungu moyo ule uhimili, uhimili tu dakika hii.

"Baba," dada akasema, "Jovini, mutoto wako wa kwanza, alikufa mwezi wa tatu, tarehe kumi na ine, Nyarusheke, alikuwa nafwata ng'ombe zako."

Baba aliinamisha kichwa. Mukashyaka akaanza wimbo kwa sauti ya chini na mchungaji akamfuata. Baba akainua kiganja, wakanyamaza.

"Asante," akasema. "Sasa nitalia. Miezi tatu na nusu nafungula maji mu douche, nalia mule ndani, juu musinisikie. Nalilia mutu ambaye hamuyasema amekufa. Nilikuwa naogopa. Nilisema, na kama iko muzima, na mimi namulilia? Nilikuwa nawangoya mukuye."

Nkusi akainua uso. "Baba, nani alikuambia?"

"Rakeli."

Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema mimi sikumwambia kitu.

"Gaju iko tasa," baba akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Miaka tatu Jovini ananiambia. Kila siku ya mungu ananiambia: baba, Gaju hazai, lakini siuzishi, juu yeye njo anaongozaka wengine kuvuka mto. Nilikutumia ile message, mama. Nilikutumia yote. Jovini hawezi sema Gaju amezaa. Hata mu ndoto. Siku ulisema vile, nikayua haiko Jovini ananiongelesha tena."

Nilianguka nikashika miguu yake. Nililia kwa sauti, kilio cha miezi minne, na Nkusi akalia, na dada, ambaye sikuwahi kumwona analia hata kambini tulipomzika mama, akakaa chini sakafuni na kupiga zulia kwa kiganja. Baba alilia akiwa ameketi wima, koti limefungwa vifungo vyote, sauti imetoka sasa, sauti kubwa ambayo sikujua bado anayo. Umuhoza alimshika babu yake mkono. Mchungaji aliimba na mkewe hadi jua likaingia dirishani. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, waliosikia kilio, wengine wamevaa fulana za ghala wanatoka kazini, viti vikawa havitoshi.

Baadaye Mukashyaka alileta maziwa ya moto. Baba alikunywa nusu kikombe. Nkusi alikitazama kile kikombe, na najua alifikiri vile nilivyofikiri mimi, kwamba labda. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka mno na midomo imegeuka rangi, na alasiri tukaita gari la wagonjwa. Nawaandikia haya nikiwa kwenye korido ya hospitali huko Louisville. Wanasema moyo. Nkusi hatusemeshi. Dada ameketi kando ya kitanda na daftari lake limefunguliwa nyumba ya kumi na mbili, ameandika tarehe ya Jovini, na anamsomea baba Nyarusheke nyumba kwa nyumba, kwa sauti, ili amsahihishe. Kuna wakati baba anafungua macho na kusema jina la mtoto aliyesahauliwa. Mara nyingi hafungui.

Nilipopewa zamu yangu nilikaa nikamshika mkono. Nilidhani amelala. Nilikuwa nimeanza kusikiliza jumbe zile kwenye simu, sauti ya kaka yangu, dakika kumi na tano, dakika kumi, upepo wa kilimani nyuma yake, Gaju hivi, Gaju vile. Baba akageuza kichwa.

"Rakeli."

"Abee, baba."

"Ile ndama ulimuzaaka," akasema, "ulimupatia jina gani?"

Kwetu ndama hupewa jina siku anayozaliwa, kabla hajasimama vizuri. Nilimwambia kweli, kwamba sikumpa jina. Baba akatikisa kichwa kidogo, akafumba macho, nami nikaongeza sauti ya simu ili tumsikilize Jovini pamoja.